Mwalimu, hii dawa ya kufungua akili ninunue?

Swali: Assalam aleikum mwalimu. Naishi Likoni, Mombasa, nina watoto watatu. Kijana wangu wa pili ana miaka kumi, yuko gredi ya nne, na kusoma hajui. Kiswahili anababaisha, Kiingereza ndiyo kabisa. Akikuta neno refu hulibuni tu. Lakini kwenye chuo cha Kurani amehifadhi Juzuu Amma yote na ustadhi wake anamsifu, na ukimtuma dukani chenji haikosei hata shilingi. Mwalimu wa skuli anasema arudie gredi. Shemeji yangu ameniletea habari ya dawa ya kufungua akili, chupa moja shilingi 3,500, na lazima anywe tatu. Ninunue? Na arudie gredi kweli?

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Usinunue. Wala asirudie gredi. Sasa tuzungumze.

Swali lako hunijia kila muhula, hubadilika mtaa tu: leo Likoni, juzi Kisauni, kabla yake Jomvu. Na haikosi hilo neno, kufungua akili. Limenichosha. Akili ya mwanao ingekuwa imefungwa, hizo sura zote za Juzuu Amma zingeingilia wapi? Hizo hesabu za dukani anazifanyia wapi? Mtoto anayeshika kwa sikio maneno ya lugha asiyoizungumza nyumbani, kisha akayarudia bila kukosea, huyo hana kufuli la kufunguliwa. Ana shida moja mahususi: sauti anayoisikia na herufi anayoiona hazishikani upesi.

Kusema mtoto huokota mwenyewe, mapajani pa mama yake. Kusoma hakuokotwi, hufundishwa, na wako watoto ambao kwao kufundishwa huko kunataka hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi. Shida hiyo ikiwa kwenye maneno huitwa disleksia, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Uliza kwa taratibu upande wa baba na upande wako. Utasikia habari ya mjomba aliyeacha skuli mapema na leo ni fundi hodari wa injini za mashua.

Sikwambii kwa barua kwamba mwanao ana disleksia, hilo huonekana kwa kukaa na mtoto. Lakini jaribu jambo hili leo usiku. Mwandikie maneno yasiyo na maana: *bameto*, *kisolu*, *ndwipa*. Hayo hawezi kuyabuni kwa sababu hajawahi kuyasikia. Akikwama hapo, ujue hata yale anayoonekana kuyasoma huyatambua kwa sura, kama mtu anavyotambua matatu kwa rangi yake. Kisha weka kitabu kando umuulize kwa mdomo: papai, ukitoa *pa* ya mwanzo kunabaki nini? Kaa, ukiweka *t* mahali pa *k* linakuwa neno gani? Mtoto wa miaka kumi huyajibu haya akicheka. Akitatizika, shida iko kwenye kuzikata sauti, na hapo ndipo pa kuanzia kazi. Nilikuwa na msichana mmoja aliyesoma *kitabu* pahali palipoandikwa *kitambi*, darasa zima likaangua kicheko. Hakuwa mzembe. Aliona *kita* na *b*, akamalizia na neno analolijua.

Kwa nini mambo yameharibika gredi ya nne? Kwa sababu Kiswahili kinasamehe. Irabu zake tano hazigeuki, na silabi karibu zote huishia kwa irabu, kwa hivyo hata mtoto mwenye disleksia hufika mwisho wa neno, ila pole pole na kwa jasho. Shida inajificha. Kisha gredi ya nne masomo yanahamia Kiingereza, lugha ambayo herufi zilizomo kwenye *enough* hazifanani na kinachotoka mdomoni, na mtoto anazama. Mwalimu anasema mbona Kiswahili alikuwa anajitahidi, basi huu ni uvivu. Mpime Kiswahili chake kwa saa, si kwa makosa. Ukurasa ambao wenzake wanaumaliza kwa dakika mbili yeye anaumaliza kwa ngapi?

Kurudia gredi kutampa mwaka mwingine wa kufundishwa vile vile alivyoshindwa kufundishika, safari hii akiwa mrefu kuliko darasa lote. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu skuli kumzuia mtoto darasa kiholela, na hiyo hiyo imekataza kiboko na kumnyanyasa mtoto kwa maneno. Mwambie mwalimu hivyo kwa adabu. Ana watoto wengi darasani na hakuna aliyemfunza jambo hili vizuri, kwa hivyo usiende kwa vita.

Kwanza masikio na macho yapimwe hospitali, hilo halichukui siku mbili. Kisha nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu uulize kituo cha tathmini ya watoto wenye shida ya kujifunza, kile tunachokiita EARC. Beba madaftari yake ya muhula huu na wa mwaka jana, yale machafu, si yale aliyonakili ubaoni. Ripoti ya tathmini ndiyo itakayokusaidia mbele: skuli hupeleka ombi kwa baraza la mitihani mtoto apewe muda wa ziada, na ombi lisilo na ripoti halina miguu. Usingoje mpaka mwaka wa mtihani.

Nyumbani, dakika ishirini kila siku. Si saa mbili Jumamosi. Anzia nyuma kuliko unavyofikiri, aibu weka kando: *ba be bi bo bu*, kisha *mba*, kisha *mbwa*. Aseme sauti huku akiiandika kwa kidole mchangani, na mchanga nyinyi wa Likoni mnao wa bure. Mkono, sikio na jicho vifanye kazi pamoja. Njia hii ya kwenda sauti kwa sauti ilipangwa Marekani na daktari Orton na mwalimu Gillingham takriban miaka mia iliyopita, lakini wazee wetu wa chuoni hawakuhitaji kuambiwa. Herufi ya Kiarabu be kwa alama ya fat-ha *ba*, kwa kisra *bi*, kwa dhumma *bu*, herufi moja mpaka ikae, ndipo ije ya pili. Neno tahajia lenyewe limetoka huko. Tatizo la vyuo vya siku hizi ni haraka: mtoto anakaririshwa sura, herufi anarukishwa, na kwa kuwa anakariri vizuri hakuna anayegundua. Mwombe ustadhi amfungulie msahafu mahali asipopahifadhi, amwekee kidole kwenye neno. Mtajua mengi.

Sasa hii chupa.

Jina disleksia lilitungwa miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, na labda ndiyo sababu watu hawajaacha kuitafutia tiba machoni. Wapo wanaouza miwani ya rangi. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa taarifa ya pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa miwani hiyo wala mazoezi ya macho yanatibu shida ya kusoma. Bado naletewa watoto wameivaa. Wapo wa mafuta, wapo wa sharubati, wapo wa vidonge vyenye picha ya ubongo. Kuna baba alinijia na chupa tatu tupu kwenye mfuko wa plastiki, hazina karatasi ya kuonyesha kilichomo, zinanuka asali na sukari guru. Alikuwa ameuza baiskeli. Pesa hazikuniuma kama ile miaka miwili: kijana alianza chupa akiwa na miaka kumi, nilimpata na kumi na miwili, na kufikia hapo alikuwa akiona kitabu anaumwa tumbo. Kumfundisha silabi kulinichukua miezi. Kumfanya akubali kukaa mezani kulichukua zaidi.

Shemeji akitaka mtoto aandikiwe kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa na kunywewa, sina neno. Dua ni dua, na mimi mwenyewe nilinyweshwa utotoni. Lakini aliyeniandikia mimi hakudai pesa za chupa tatu, wala hakuahidi nitakuwa nambari moja. Anayekuahidi nambari moja anauza. Mwulize muuzaji: mtoto wako atasoma neno gani wiki ijayo ambalo leo hawezi, na atajuaje. Mwalimu wa kweli atakutajia silabi. Mwenye chupa atakutajia mtoto wa jirani aliyepona, na huyo jirani hutampata.

Wazazi wengine mnaosoma hapa, kama mmeshanunua, msizitupe zile chupa. Angalieni kama zina namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Isipokuwepo, pelekeni ripoti kwao, na mkija kwangu njooni na chupa pamoja na mtoto, nijue amekunywa nini.