Cheni ya pikipiki inagonga kava, nimeikaza bado inalia
Ndugu, ukiikaza mpaka haichezi kabisa umezidisha. Ukipakia abiria shokapu zinabonyea, cheni inavutika zaidi, na beringi ndizo zinazoumia.

Weka stendi kubwa, gia iwe huru. Zungusha tairi la nyuma taratibu utafute pale cheni inapokaza zaidi, upime hapo, katikati ya cheni ya chini: kwa bodaboda nyingi ipande na kushuka jumla milimita 20 hadi 30. Legeza nati ya ekseli, kisha geuza nati za kurekebishia robo mzunguko kila upande. Alama za pande mbili zilizo karibu na ekseli zisipolingana, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) inaliwa ubavuni. Kaza ekseli, pima tena.

Wengi husahau breki ya nyuma: tairi likirudi nyuma, fimbo ya breki inavutika. Ilegeze kidogo.

Cheni ikikaza sehemu moja na kuning'inia nyingine, imekwisha. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili.