Ukitaka Uzamivu wa Misitu, Hesabu Misimu Kabla ya Kuhesabu Karo

Mpwa wangu, aliyemaliza shahada ya uzamili na sasa anasimamia kitalu cha miche ya mikoko huko Jomvu, alinijia nyumbani Tudor mwezi uliopita akiwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Mjomba," aliniambia baada ya kuniamkia, "nimeyaandika masharti ya vyuo vitatu, lakini sioni ni lipi kati yao lililo gumu." Niliisoma karatasi yote, na kila alichokiandika kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni muda wa msitu wenyewe, ambao haumo katika fomu ya chuo chochote ninachokijua, na ndio uliokaribia kuniangusha mimi nilipokuwa nikisomea uzamivu. Kwa kuwa vijana wengine wa Pwani wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo, naandika hapa yale niliyomjibu.

Masharti ya kuingia hayahitaji maneno mengi. Utatakiwa kuwa na shahada ya uzamili katika misitu, au katika taaluma iliyo karibu nayo kama vile ikolojia, botania au usimamizi wa maliasili, na ukitoka taaluma ya mbali zaidi huenda ukaambiwa usome kwanza masomo ya upimaji wa miti na ukuzaji wa misitu. Utapeleka vyeti, barua za walimu wanaokufahamu, na andiko la awali la kurasa chache linaloeleza unachotaka kukichunguza. Hapa Kenya, mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu uliotolewa mwaka 2014 uliweka muda wa chini wa miaka mitatu kwa shahada ya uzamivu, na ulimtaka mtahiniwa awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Soma pia kanuni za chuo chako neno kwa neno, kwa sababu kila chuo huongeza yake.

Miaka mitatu ni mingi kwa mwanadamu anayelipa karo, ila kwa mti ni michache sana. Andiko langu la kwanza lilipendekeza kupanda miche ya mkoko na mkandaa, aina mbili za miti ya mikoko, katika hori ya Mwache, mahali ambapo matope yaliyoletwa na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 yaliua eneo kubwa la mikoko, kisha kuifuatilia mpaka nione msitu umerejea. Nilikuwa nimelipenda wazo hilo kwa sababu nilizaliwa karibu na hori hizi na nililiona eneo lile likikauka nikiwa mdogo. Msimamizi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: mche huo utakuwa na urefu gani siku utakapowasilisha tasnifu? Sikuwa na jibu, lakini nilishikilia wazo langu. Kisha kibali kikachelewa katika ofisi moja, na kilipofika, msimu wa kuokota mbegu ulikuwa umepita. Mwaka mzima ukaenda hivyo, nami sikuwa na kipimo hata kimoja daftarini.

Kilichoniokoa ni kuligeuza swali. Badala ya kuusubiri msitu ukue, niliitafuta misitu ambayo tayari imepandwa na ambayo mwaka wake wa kupandwa unajulikana. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo wengi wetu tunaiita KMFRI, imekuwa ikipanda mikoko tangu miaka ya 1990, na kumbukumbu za upandaji zipo. Mtafiti anaweza kupima shamba la miaka mitano, la kumi na la ishirini, akayapanga kama vidato vya ngazi moja, na akasoma katika miezi michache mabadiliko ambayo yangemchukua nusu ya maisha yake kuyasubiri. Njia hii ina sharti lake: ni lazima mashamba hayo yafanane kwa udongo, kwa chumvi na kwa namna yanavyofikiwa na maji, la sivyo utadhani unapima umri kumbe unapima tofauti ya matope. Mtahini mzuri atakuuliza jambo hilo mapema, na ni lazima uwe umelijibu shambani, kwa sampuli za udongo, kabla hujafika mbele yake.

Ndiyo maana namshauri kila anayetaka kuanza achukue karatasi tupu, achore miezi thelathini na sita, kisha aandike humo misimu kabla ya kuandika jambo jingine lolote: masika na vuli, kusi na kaskazi, wakati mti wake unapochanua na unapoangusha mbegu. Anayefanya kazi kwenye mikoko ana kalenda ya pili, ya bahari. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu ya Mombasa hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko unaopenda kuota upande wa nje kabisa unaoelekea baharini, hufikika kwa miguu pale tu maji yanapokupwa sana. Siku za maji mafu huwezi kuufikia vizuri. Kwa hiyo mtafiti ana siku chache tu kila nusu mwezi, na katika kila siku hizo ana saa chache kabla maji hayajarudi. Nilipozihesabu siku zangu kwa ukweli, zikipunguzwa za mvua kubwa, za Ramadhani ambazo wasaidizi wangu hawangeweza kushinda matopeni, na zile nilizotakiwa kuwa chuoni bara, zilibaki chini ya nusu ya nilizokuwa nimeziandika katika andiko langu.

Vibali navyo viingie katika karatasi hiyohiyo. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili, hasa ikiwa utawahoji watu, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo hutolewa kwa mwaka mmoja na kuhuishwa. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, kwa hiyo huwezi kuingia na msumeno, wala hata na bomba la kuchimbia udongo, bila ruhusa ya Huduma ya Misitu. Ukitaka kupeleka majani au udongo kwenye maabara ya nje ya nchi, anza mazungumzo na KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, na mamlaka ya mazingira miezi mingi kabla. Zaidi ya karatasi hizo kuna watu. Chama cha jamii cha misitu cha eneo lako na kikundi cha wavuvi wanaotumia pwani hiyo wanapaswa kukujua kwa sura na kwa nia kabla hujafunga utepe wako wa kwanza kwenye mti. Nimeona vipande vya msitu ambavyo wenzangu walivitenga kwa kupimia vikipotea, alama zikiwa zimeng'olewa, kwa sababu hakuna aliyewaeleza wenyeji zile kamba ni za nini.

Sasa niseme juu ya upimaji, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi wa misitu wanapojiamini kupita kiasi. Kipenyo cha mti hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na hilo tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza. Lakini mkoko husimama juu ya mizizi inayoinama kama miguu ya kaa, na ukipima kwa mita 1.3 mara nyingi utakuwa umepima mizizi badala ya shina, kwa hiyo huo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kosa dogo la namna hiyo likiingia katika kanuni ya kukadiria uzito wa mti, huongezeka katika kila hesabu inayofuata. Tena katika mikoko sehemu kubwa ya kaboni imo ndani ya matope, chini ya mti, kwa hiyo anayepima miti peke yake atakuwa ameacha sehemu kubwa ya hazina bila kuihesabu. Jambo hili lina uzito hata nje ya chuo, maana mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, ulioanza kuuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, mwaka 2013 kutoka katika hekta 117 za msitu, unasimama juu ya vipimo vya aina hiyo, na fedha zake zimeleta maji na vifaa vya shule kijijini.

Takwimu ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Nilikuwa na vipande kumi vya mita kumi kwa kumi katika hori ya Tudor, na nikavihesabu kana kwamba ni misitu kumi iliyo mbali na mbali. Mwalimu wa takwimu alinionyesha kwa upole kwamba vyote vinapata maji yaleyale, maji taka yaleyale na matope yaleyale, kwa hiyo mbele ya swali nililouliza vilikuwa kitu kimoja kilichopimwa mara kumi. Ilinibidi niongeze Mtwapa na Port Reitz, pamoja na gharama zake. Ningemwona mwalimu yule kabla ya kwenda shambani, nisingelipa mafuta ya boti mara mbili. Mpeleke andiko lako kwa mtu wa takwimu likiwa bado andiko, na jifunze mwenyewe kutumia R, programu ya kompyuta ya hesabu za takwimu, kwa sababu siku ya kutetea tasnifu utaulizwa wewe.

Kuhusu wasimamizi, vyuo vingi hutaka wawili au zaidi. Chagua mmoja anayeijua misitu ya aina yako na mwingine anayejibu barua, na ukimpata aliye na sifa zote mbili mshikilie. Jina kubwa linalosafiri mwaka mzima halitakusaidia sura yako ya tatu ikikwama. Nenda ukazungumze na wanafunzi wake wa zamani, uwaulize ni muda gani rasimu zao zilikaa mezani kwake.

Mahali pa kusoma pia hubadilisha masharti yenyewe. Mimi nilisomea bara, na watu wa Pwani wamekuwa wakienda Chuo Kikuu cha Eldoret au kuvuka mpaka hadi Sokoine huko Morogoro, ambako misitu imekuwa ikifundishwa tangu mwaka 1973. Katika vyuo hivi utafiti wako mwenyewe ndio mzigo mkubwa. Marekani utasoma kozi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha utakabiliwa na mtihani mgumu wa maandishi na wa mdomo kabla ya kuruhusiwa kuitwa mtahiniwa. Sweden masomo ya uzamivu ni ya miaka minne ya kazi ya kutwa, tasnifu mara nyingi ni mkusanyiko wa makala pamoja na utangulizi unaoziunganisha, na utetezi hufanywa hadharani mbele ya mpinzani aliyealikwa kuisoma kazi yako yote. Hakuna mfumo ulio rahisi kati ya hiyo. Lakini aliye na familia Mombasa na msitu wake uko Mombasa apime vizuri kabla ya kuchagua mahali patakapomlazimu kuusoma msitu huo kutoka mbali. Kwa upande wa fedha, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wamekuwa wakiwafadhili wanafunzi wanaosomea ndani ya Afrika Mashariki, na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikitoa ruzuku za utafiti wa bahari na pwani. Ruzuku ndogo ya boti na maabara mara nyingi hupatikana kwa urahisi kuliko ufadhili kamili, na ndiyo inayoamua kama utamaliza.

Anza kuandika makala za jarida mara sura ya kwanza ya matokeo inapokamilika. Jarida linaweza kukaa na makala yako miezi sita kabla ya kukurudishia maoni, na nimewajua watu waliomaliza tasnifu wakakaa mwaka mzima wakisubiri makala ya pili ikubaliwe. Baada ya hapo mambo huenda kwa utaratibu: unatoa taarifa kwamba unakusudia kuwasilisha, tasnifu inakaguliwa kwa ajili ya wizi wa maandishi, watahini wa ndani na wa nje wanaisoma, kisha unaitwa kuitetea. Utetezi wenyewe haukunitisha kama nilivyotarajia, kwa sababu niliulizwa mambo ambayo miguu yangu ilikuwa imeyakanyaga.

Jambo ambalo nililichelewesha, na ambalo nilimsihi mpwa wangu asilicheleweshe, ni kuyarudisha matokeo kwa wenyeji. Mimi niliyapeleka Mikindani baada ya kuhitimu, nikaitandika ramani yangu barazani mbele ya wazee waliokuwa wakikata boriti zamani, nikawaeleza kwa Kiswahili nilichokiona. Mzee mmoja aliyenifundisha majina ya miti na tofauti ya fito, pau na mazio, ambayo ni majina ya nguzo za mikoko kwa unene wake, aliiangalia ramani kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya kipande nilichokiandika kuwa hakijawahi kukatwa, ambacho nilikilinganisha na vingine vyote. "Hapa, mwanangu, mimi na ndugu yangu tulitoa mazio misimu miwili," akasema, na akanitajia hata jina la mwenye jahazi aliyeyanunua. Visiki vya mkoko havichipui tena, vilikuwa vimeoza na kuzama matopeni, nami nisingeweza kuviona. Ningelimuuliza kabla ya kuchagua vipande vyangu, angenionyesha kwa asubuhi moja. Nililisahihisha jambo hilo katika makala yangu iliyofuata na nikamshukuru humo, lakini tasnifu iliyopo maktabani ingali inasema kwamba msitu ule haujaguswa.