Mti umekauka uani: ukatwe au uachwe?

Masika yanakaribia, na maswali mengi safari hii yanahusu miti mikavu iliyosimama karibu na mapaa.

Mwembe wetu umekauka. Mkata miti anataka laki nne aushushe hadi chini, mume wangu anasema uachwe kwa sababu kuna ndege wanautoboa. Nani yuko sahihi? (Tabata)

Kila mmoja kwa nusu yake. Tazameni kwanza: ukianguka utafika wapi? Kama ni kwenye bati, ukuta wa jirani au njia ya watoto, upunguzeni. Matawi yote yashuke, libaki shina la mita tatu hivi, mradi liwe fupi kuliko umbali wake hadi kwenye hivyo vyote. Kama nyaya za umeme ziko karibu, TANESCO waitwe kabla ya mtu yeyote kupanda.

Shina hilo lina wapangaji. Kigogota hupenda mti ulioanza kulainika. Akishalea makinda yake na kuondoka, tundu hurithiwa na ndege wasio na mdomo wa kutoboa, wakati mwingine na popo. Uwazi ukiwa mkubwa, komba huweza kulala humo mchana. Na kwa jiji hili la Dar es Salaam, ambako kunguru wa India hupora mayai na makinda kwenye viota vya wazi, tundu lenye mlango mwembamba ni ngome. Chini ya gome kuna mabuu, majongoo na mijusi.

Je, na mnazi uliokufa? (Kigamboni)

Huo ondoa, tena haraka. Chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, hutaga kwenye mashina ya minazi yanayooza. Mabuu wakishakuwa chonga kamili huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi mizima. Pasua shina ulichome, na lundo la samadi nalo likague. Anayehubiri kwamba kila mti mfu uachwe, nadhani hana minazi.

Mwembe wangu una pango shinani lakini bado unazaa. Nilizibe kwa saruji? (Ubungo)

Hapana. Moyo wa shina ni mbao iliyokwisha kufa. Sehemu iliyo hai iko pembeni, chini ya gome. Saruji hainami upepo unapoyumbisha mti, na hufungia unyevu ndani.

Magogo yakiachwa uani si yataleta mchwa? (Mbezi)

Yakiegemea ukuta, ndiyo. Yalaze kwenye kona ya mbali, na kagua msingi mara kwa mara. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani, wameshafika.

Kuokota kuni za miti iliyojifia msituni Pugu kuna ubaya gani? (Gongo la Mboto)

Kwanza ni hifadhi, ruhusa inatoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Pili, kuna ndege aitwaye hondohondo. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa, ukabaki ufa tu wa kupokelea chakula anacholetewa na dume. Hawezi kulichimba mwenyewe. Hutegemea miti mizee na mikavu, ileile inayoonekana kuni nzuri.

Bundi amehamia kwenye mti wetu mkavu. Mama mkwe anasema ni uchuro, ukatwe leo. (Sinza)

Nifikishie shikamoo kwa mama. Kisha umweleze taratibu kwamba bundi huwinda panya usiku, na Sinza panya hawajawahi kuadimika. Akishikilia msimamo, ombeni muda hadi makinda, kama wapo, waruke.