Mtoto wa jicho si utando wa kubandua

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 67, yuko Bahi. Jicho la kulia lina weupe katikati na anaona ukungu. Kliniki walisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Kuna mzee mnadani akatuuzia matone ya mizizi na asali, akasema utando utatoka ndani ya siku 21. Leo ni siku ya 12 na kweli kila asubuhi vinatoka vitu vyeupe. Tuendelee? Jirani naye anasema tusikimbilie kisu, tungoje mtoto akomae.

JIBU: Marahaba. Acheni hayo matone leo hii, msimalizie hata hizo siku tisa.

Hivyo vitu vyeupe ni matongotongo. Jicho likitiwa kitu kinachowasha hutoa ute mwingi kujisafisha, na usiku ute huo unagandia kwenye kope. Mtie kijana wa miaka 20 mwenye macho mazima dawa hiyohiyo, asubuhi naye atatoa "mtoto". Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana dawa yake haikosi kuwasha.

Nadhani jina lenyewe limetuponza. Tukisikia "mtoto wa jicho" tunawaza kitu kilichoota juu, kama ukoko kwenye sufuria, kwamba ukipata dawa kali kitabanduka. Hakuna kilichoota. Kilichogeuka rangi ni lenzi yake mwenyewe, aliyozaliwa nayo, na iko ndani: mbele yake kuna konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha maji, kisha ile duara ya rangi yenye tundu la mboni katikati. Lenzi inakaa nyuma ya tundu hilo, imefungwa kwenye kifuko chake, upana wake karibu milimita 10. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Tena haipukutishi seli zake kama ngozi. Nyuzi mpya hujipanga juu ya za zamani maisha yote, kama kitunguu, hivyo katikati ya lenzi ya mama kuna nyuzi alizokuwa nazo tumboni mwa bibi yako. Protini za humo zikishikamana, uangavu unapotea, kama ute wa yai ukiingia kikaangoni. Nani amewahi kulirudisha yai la kukaanga likawa bichi? Kwa asali?

Dawa hiyo inachoweza kufikia ni konea, ambayo katikati ina unene wa nusu milimita tu. Ikichubuka na kuingia vijidudu, inabaki na kovu jeupe, na safari hii weupe uko juu kweli. Kwa hiyo njooni na hiyo chupa. Nitaanza kuipima konea kabla ya kupanga siku ya upasuaji.

Kuhusu kukomaa, jirani yako anarudia ushauri wa zamani, lenzi ilipotolewa nzima na mgonjwa akabaki na miwani minene kama kitako cha chupa. Mwaka 1949 huko London, daktari wa macho Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho, baada ya kuona vipande vya vioo vya plastiki vya ndege za kivita vimetulia machoni mwa marubani bila kuleta madhara. Siku hizi, kwa kuwa tunaweka lenzi mpya, tunapasua mara ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Lenzi ikiachwa iive kupita kiasi inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda na kuua mshipa wa fahamu. Huo ukifa, hata nikimwekea lenzi mpya haoni.

Hapa Dodoma, kwa jua letu na vumbi la kiangazi, kila weupe jichoni unaitwa mtoto wa jicho. Kinyama kinachotambaa kutoka pembeni, makovu ya trakoma ninayoyaona kwa wazee wa Kongwa, vyote vinauziwa chupa moja. Na wauzaji wa mnadani si peke yao. Kuna maduka ya dawa yanayotoa matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa kila jicho jekundu bila cheti. Yakitumika kwa miezi, dawa hizo hupandisha presha ya jicho na zenyewe huleta mtoto wa jicho. Mgonjwa anafika kwangu jicho limeshazimika, bado anaisifu: "Lakini daktari, ile dawa ilikuwa nzuri, wekundu uliisha siku mbili tu."