Paka Mwenye Hofu na Kelele Nyingi: Namna ya Kumtuliza Nyumbani

Paka aliyekomaa hulia kwa ajili ya binadamu zaidi kuliko kwa ajili ya paka wenzake. Mtoto wa paka humlilia mama yake anapoona njaa, baridi au upweke. Akishakua, huwasiliana na paka wengine zaidi kwa harufu, mkia na macho, lakini kwetu sisi huendelea kulia maisha yake yote kwa sababu amejifunza kwamba tunamwitikia. Kwa hiyo siafiki kumwita paka anayelia mchana na usiku mkorofi au mdekaji. Anatoa taarifa, na kazi ya anayemfuga ni kutafuta chanzo cha kilio hicho kabla ya kutafuta namna ya kukinyamazisha.

Ninaandika kutokana na maisha yangu na Tunu, paka jike wa rangi ya majivu, katika nyumba ya kupanga kwenye mojawapo ya vilima vya mawe hapa Mwanza. Tunu ni mwoga kwa tabia na ana sauti inayosikika hadi nyumba ya tatu. Bado ni paka wa maneno mengi, wala sikutarajia abadilike awe bubu, ila vile vilio virefu vya kuzunguka chumba hadi chumba, masikio yamelala na mkia umeshushwa, vimepungua sana, na ninajua ni mambo gani yaliyovipunguza.

Hatua ya kwanza ni afya, na hapa sishauri mtu yeyote aruke. Paka dume anayekwenda kwenye mchanga wake wa kujisaidia mara kwa mara, akajikamua na kulia bila kutoa mkojo, huenda njia yake ya mkojo imeziba, na hali hiyo humuua katika siku chache. Apelekwe siku hiyohiyo. Paka mzee, hasa aliyevuka miaka 10, anayeanza kulia usiku huku akikonda ingawa anakula sana, anaweza kuwa na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, shinikizo la damu, au usikivu uliopungua. Sauti iliyobadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, pamoja na ukali usio wa kawaida au kutokwa mate, yaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoambukiza paka na binadamu pia. Mnyama wa namna hiyo usimshike, toa taarifa kwa afisa mifugo mara moja, na kama amekuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Chanjo ya kila mwaka huondoa wasiwasi mwingi katika jambo hili.

Paka jike ambaye hajafungwa kizazi ana sababu yake nyingine. Katika nchi za mbali na ikweta, majike hupumzika miezi ya mchana mfupi, kwa sababu urefu wa mchana ndio unaoamsha miili yao. Mwanza iko takribani nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haubadiliki kwa kiasi cha maana, na hivyo jike anaweza kuita madume mwaka mzima, akarudia kila baada ya wiki mbili au tatu asipopandwa. Kilio hicho ni kikali, kinaambatana na kujigaragaza chini na kuinua kiuno, na hakuna maneno ya upole yanayokimaliza. Kinachokimaliza ni upasuaji wa kufunga kizazi. Madaktari wengi wa mifugo wa kanda yetu hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo uliza mapema kama anayekuhudumia ana uzoefu wa kupasua paka, naye afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza. Msafirishe paka katika tenga lenye mfuniko, lililofunikwa kwa kanga, wala si mikononi ndani ya daladala.

Daktari akishasema mwili ni mzima, ndipo tunapogeukia nyumba yenyewe. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ilhali la paka huvuka 60,000. Kelele tunazozizoea sisi humfikia yeye zikiwa nyingi na kali zaidi. Fikiria basi mvua ya masika inapopiga bati lisilo na dari. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi kati ya hizo hupiga usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto. Ongeza spika za sherehe mtaani, baruti za mkesha wa mwaka mpya na korongo wanaotua kwa kishindo juu ya paa, na hofu ya Tunu haihitaji maelezo zaidi. Kuna pia vitisho vya kimyakimya. Tunu alikuwa akisimama dirishani jioni akilia kwa sauti ya chini iliyokuwa ikipanda, na aliyekuwa nje ni dume mmoja wa mtaani aliyekuwa akipumzika juu ya jiwe lililo usawa wa dirisha letu. Pimbi wa kwenye mawe walimsisimua tu. Dume yule alimtia hofu. Niliziba sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi nene, nikaacha sehemu ya juu wazi, na kilio cha jioni kikaisha karibu chote.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Mnyama wa namna hiyo hutulia akiwa na mahali pa kujificha na mahali pa juu pa kuangalia mambo. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lao katika kituo cha kutunza paka: paka wageni waliopewa boksi la kujificha walitulia haraka kuliko wasiopewa. Hilo ni jambo la kufurahisha kwa sisi wenye kipato cha kawaida, kwa maana boksi la mafuta ya kupikia hupatikana dukani kwa bei ndogo au bure. Toboa matundu mawili ili asijione amenaswa, weka kitambaa chenye harufu yake, na uliweke kwenye kona ya chumba cha ndani, mbali na mlango na mbali na redio. Pale juu ya kabati, ondoa mabegi na umpatie kiti au stuli ya kupandia. Kisha weka sheria moja kwa wote nyumbani, watoto na wageni wakiwemo: paka akiwa ndani ya boksi lake haguswi na mtu, havutwi, hapigwi picha kwa kumulikwa. Kwangu mimi sheria hii ina uzito kuliko boksi lenyewe, kwa sababu maficho ambayo mkono unaweza kuingia wakati wowote si maficho.

Mvua ya radi inapoanza, usimkumbatie kwa nguvu. Funga madirisha na mapazia, washa taa, kaa chumba kimoja naye ukiendelea na kazi zako, na akija mwenyewe mpapase mashavuni na kidevuni. Ukimwangalia, fumba macho polepole na kuyafumbua polepole. Paka wengi hurudisha ishara hiyo, nayo huwaambia kwamba hakuna anayewatisha.

Jambo lililomsaidia Tunu kupita yote ni ratiba. Paka mwenye hofu huumizwa na kutojua kitakachofuata, na nyumba zetu nyingi hazina saa maalumu za kumlisha mnyama. Anapewa mabaki pale yanapopatikana, kwa hiyo hulazimika kuyaombea kutwa nzima. Lisha asubuhi na jioni kwa saa zilezile, hata Jumapili. Dagaa wa ziwani ni chakula kizuri wakichemshwa bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya paka. Lakini asile samaki peke yake miaka yote, mchanganyie nyama, maini kidogo na moyo wa ng'ombe au wa kuku, maana mwili wa paka unahitaji viini vya nyama ambavyo ugali hauna. Dagaa wachache wakavu wakitawanywa kwenye vishimo vya trei ya mayai, paka huwachokoa kwa kucha mmoja mmoja, na kazi hiyo humshughulisha kuliko sahani iliyojaa.

Kilio cha saa kumi alfajiri ndicho kinachowashinda watu wengi, na dawa yake huanza jioni iliyotangulia. Kabla ya kulala, mchezeshe kwa kamba yenye manyoya ya kuku mwishoni, ukiiburuta mbali naye kama panya anayekimbia, na hakikisha mwishoni ameikamata. Ndipo umpe chakula cha jioni. Kuwinda, kukamata, kula, kujilamba na kulala ndio mfuatano wake wa asili. Alfajiri akilia, na ukiwa na hakika kwamba ni mzima na mchanga wake ni safi, usiamke kumlisha wala kumfokea, kwani vyote viwili ni majibu. Mara nyingi kelele huongezeka kwanza kabla ya kupungua, na aliyelegea katikati humfundisha paka kwamba kulia kwa muda mrefu zaidi ndiko kunakofaa. Kwa hiyo mweleze jirani mapema. Mama mmoja wa upande wa pili wa ukuta aliniuliza, "Mwanangu, huyo paka anaona nini usiku?" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaza mambo ya kishirikina. Nikamjibu, "Shikamoo mama, naomba utuvumilie, haoni kitu, ninamzoesha kulala." Mazungumzo hayo mafupi yalimlinda Tunu. Paka wasio na hatia hupigwa mawe au kutegewa sumu kwa sababu ya hofu hiyo, na inanihuzunisha kila ninaposikia.

Mchanga uwe kwenye beseni pana, mbali na chakula, na uchotwe uchafu kila siku. Kama unao paka wawili, weka mabeseni matatu.

Usimpige, usimmwagie maji, usimfungie stoo. Adhabu humwongezea hofu ileile inayomfanya alie. Usimpe panadol hata kipande, kwa kuwa paracetamol ni sumu kwa paka, wala dawa yoyote ya usingizi ya binadamu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin inaweza kumuua. Unapopiga deki, epuka dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, kwa sababu ini la paka haliwezi kuzishughulikia na yeye hulamba miguu yake kutwa.

Ukisafiri, kwa mfano kwenda Ukerewe au Bukoba kwa siku kadhaa, ni afadhali paka abaki nyumbani na mtu anayemfahamu aje kumlisha kuliko kumhamishia kwa ndugu. Mwachie anayemtunza saa za chakula kwa maandishi, namba ya daktari wa mifugo, na kanga au shati ulilolivaa bila kulifua ulitandike ndani ya boksi. Mwombe akutaarifu paka akipitisha siku nzima bila kula, kwa sababu paka anayekaa na njaa siku mbili au tatu huweza kupata ugonjwa wa ini. Utakaporudi atakulilia kwa muda mrefu. Zungumza naye, mpapase akitaka, lakini chakula chake kisubiri saa yake ya jioni.