Duara halipimi ufikikaji wa zahanati: fuata barabara

Swali: Niko kitengo cha mipango miji, Kinondoni. Nimechora duara la mita 1,200 kuzunguka kila zahanati, nikikadiria mwendo wa miguu wa dakika 15. Kwenye ramani karibu kila mtu amefikiwa, lakini wananchi wa mabondeni wanakataa. Nipime vipi kwa barabara na matumizi ya ardhi?

Jibu: Wananchi wana haki. Duara lako lina kilomita za mraba 4.5. Hata kwenye mji uliopimwa vizuri, mitaa yote ikiwa imenyooka na kukatana kwa pembe mraba, anayetembea mita 1,200 kwa kufuata barabara anafikia eneo la kilomita za mraba 2.9 tu. Zaidi ya theluthi imepotea kabla hujafika kwenye kuta, vichochoro visivyotoka na mto Msimbazi. Kandokando ya bonde hilo, nyumba inayoiona zahanati ng'ambo inaweza kuwa mbali nayo kwa miguu, kwa sababu safari inaanza kwa kutafuta daraja.

Chukua mtandao wa barabara wa OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati hapa, maana mradi wa Ramani Huria ulichora hadi njia za miguu katika kata nyingi. Usizichuje njia hizo. Kwenye makazi yasiyopimwa ndizo barabara zenyewe. Badili data iwe UTM ukanda wa 37 Kusini (namba yake kwenye programu ni EPSG:32737), mfumo wa ramani unaopima kwa mita, la sivyo programu itahesabu kwa nyuzi (digrii) badala ya mita.

Kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, tumia zana ya eneo la huduma (Service area) iliyo katika uchambuzi wa mtandao (Network analysis). Ukichagua njia ya haraka zaidi, gharama, yaani muda wa safari, huandikwa kwa saa: dakika 15 ni 0.25. Kasi ya kuanzia ya programu ni kilomita 50 kwa saa. Ukiisahau, watembea kwa miguu wako watakwenda kama magari na ramani itapendeza kuliko duara. Weka 4.8, yaani mita 80 kwa dakika. Sehemu ya mwelekeo iache wazi, kwani barabara ya njia moja haimhusu mwenda kwa miguu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni mistari isiyogusana. Uchochoro ukiishia nusu mita kabla ya barabara, kwa programu hapo hakuna njia, na mtaa mzima unaonekana kisiwa. Weka uvumilivu (tolerance), yaani pengo ambalo programu italihesabu kuwa limeungana, wa mita 1, kisha kagua kwa macho kila kipande kilichobaki peke yake. Usikate mistari yote inapopishana, maana utazalisha makutano ya uongo kwenye barabara za juu kama za Ubungo na Tazara.

Sasa matumizi ya ardhi. Usichukue kitovu cha kata kama mahali watu walipo. Kinaweza kuangukia makaburini au kiwandani. Chukua idadi ya kata kutoka Sensa ya 2022, igawe kwenye majengo ya makazi tu kwa ukubwa wa paa. Tuseme kata ina watu 24,000 na paa za makazi mita za mraba 192,000: kila mtu anapata mita 8, na nyumba ya mita 96 inahesabiwa watu 12. Ondoa shule, masoko, maghala na vibanda vya chini ya mita za mraba 20. Paa ya nyumba ya ghorofa izidishe kwa idadi ya sakafu kabla ya kugawa.

Zana ya eneo la huduma hutoa mistari, si eneo. Izungushie mita 30, ndipo uhesabu watu waliomo. Zahanati za Ubungo na Ilala zilizo ndani ya mita 1,200 kutoka mpakani zijumuishe pia. Mgonjwa haulizi manispaa.

Ningekushauri pia usikate kabisa kwenye dakika 15, maana wa dakika 16 hajaachwa gizani. Ipe kila zahanati uzito unaopungua nusu kwa kila dakika 10: dakika 10 ni 0.5, dakika 20 ni 0.25. Jumlisha uzito huo kwa kila nyumba.

Hesabu yote irudie mara ya pili ukiwa umefuta vipande vinavyofurika wakati wa masika, Jangwani ikiwemo. Tofauti ya ramani hizo mbili ndiyo ya kupeleka kikaoni. Kabla ya hapo, chagua nyumba 10 za mabondeni, tembea hadi zahanati ukiwa na saa, na dakika zikizidi za kompyuta kwa zaidi ya robo, kagua madaraja na vivuko ulivyochora kabla ya kugusa kasi.