Harufu ya draiklina kwenye maji ya kisima

SWALI: Hujambo Mwalimu. Ploti yetu hapa Umoja inatumia maji ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Nyuma ya ukuta palikuwa na draiklina kwa miaka mingi. Siku hizi maji yana harufu tamutamu, kama suti iliyotoka kusafishwa. Kijana wangu anasema kuna bakteria wanaomaliza dawa hiyo bila hewa. Nitafute niwamwage kisimani, au nichemshe tu?
Mama Wanjiru, Umoja

JIBU: Sijambo, Mama Wanjiru. Kwanza, tafadhali usichemshe. Kama ni dawa ya draiklina, tetrakloroethilini, hiyo hugeuka mvuke upesi, na jikoni mtaivuta nyote, watoto wakiwemo. Vidonge vya kutibu maji navyo haviigusi.

Kijana wako anasema kweli. Bakteria mmoja, Dehalococcoides, alielezwa mwaka 1997 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliomtoa kwenye tope la majitaka la mji wa Ithaca. Chakula chake ni haidrojeni. Dawa yenyewe huitumia badala ya oksijeni, kupumulia. Ina atomi nne za klorini, naye huzing'oa moja moja hadi ibaki ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Mimi hustaajabu kila ninapolieleza darasani.

Lakini oksijeni humuua. Maabara humfuga kwenye chupa za kioo zilizozibwa kwa mpira, ndani mna rangi ya kupimia: hewa ikipenya kidogo tu, maji meupe yanageuka waridi, na ujue kazi imeharibika. Kisima chenu kinapigwa pampu kutwa. Ataishi vipi humo? Wanaosafisha ardhi kwa njia hii humpeleka chini kabisa kwenye maji yaliyochafuka, pamoja na chakula kama mafuta ya mboga yanayooza na kutoa haidrojeni, kisha hupima kwa miezi na miaka.

Kupima huko ndiko roho ya kazi. Ikibaki klorini moja, dawa imekuwa vinili kloridi, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya ini. Bakteria wengine huishia njiani, na hata Dehalococcoides si wote wanaoimaliza vizuri hatua ya mwisho. Kazi ikikwama hapo, mmebaki na sumu mbaya kuliko mliyoanza nayo. Kwa hiyo usimwage chochote.

Acheni kuyanywa na kuyapikia maji hayo. Mwenye ploti apeleke sampuli kwenye maabara inayopima viyeyusho vya klorini, yaani dawa za aina hii, si vijidudu vya kuhara peke yake. Asipotaja, watampimia hivyo vya kuhara. Mwambie aombe vichupa vya maabara yenyewe, avijaze hadi pomoni, afunge, kisha avipindue. Akiona hata povu moja la hewa, ajaze upya, kwa sababu dawa hukimbilia humo na kipimo kitasoma chini. Avisafirishe kwenye barafu, vifike siku hiyo hiyo. Ikithibitika, nitumie majibu, tuzungumze juu ya chujio la makaa.